Umeambiwa Moyo Wako Mzima, Basi Inuka

Umepimwa. Tangu saa moja asubuhi ulikuwa kwenye foleni ya dirisha la malipo. Ukavua shati, ukabandikwa vibati vya baridi kifuani, mikononi na miguuni, karatasi ya ECG ikatoka na vilima vyake. Ukapelekwa ECHO, ukapakwa ile jeli, ukauona moyo wako mwenyewe kwenye skrini ukifungua na kufunga milango. Damu ikachukuliwa. Daktari akasoma kila kitu, akakutazama usoni, akasema moyo wako mzima, hayo unayoyasikia ni mapigo ya ziada tu, hayana madhara. Ulitoka pale ukicheka peke yako. Siku chache baadaye, saa nane za usiku, umelalia ubavu wa kushoto, pigo moja likapotea. Kimya. Halafu ndi! kifuani, hadi kooni. Mkono ukakimbilia shingoni, na kabla hujahesabu hata mapigo kumi ukawa umeshaamua kwamba daktari yule hakuona kitu.

Ndugu yangu, uamuzi huo ndio unaokumaliza. Mapigo yenyewe hayajakuchukulia chochote. Hofu yake ndiyo iliyokuvua mpira wa Jumamosi. Ngazi hupandi tena, unasubiri lifti hata ya ghorofa moja. Msikitini unatafuta safu ya nyuma karibu na mlango; kama ni kanisani, benchi la mwisho. Basi la Mwanza hupandi, maana ukizidiwa porini kule baada ya Manyoni nani atakusaidia? Mezani kuna mashine ya presha ambayo inafanya kazi kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba hiyo. Watoto wamejifunza kutembea kwa kunyata, kwa sababu baba anasikiliza kifua chake. Moyo haukukuomba hata kimoja kati ya hivyo. Wenyewe uliendelea na kazi.

Hebu tuutazame kazini. Katika chumba cha juu cha kulia cha moyo kuna kifundo kidogo cha seli kinachotoa amri ya kila pigo. Kilielezwa mwaka 1907 na Mskoti Arthur Keith na mwanafunzi wa udaktari Mwingereza, Martin Flack, na mahali walipokiona kwanza vizuri ni ndani ya moyo wa fuko. Kifundo hicho ndicho kiongozi. Lakini seli nyingine nyingi za moyo nazo zinaweza kutoa amri, na mara mojamoja moja huwahi kabla ya zamu. Pigo linalowahi hukuta moyo haujajaa damu, kwa hiyo linasukuma kidogo mno hata kwenye kifundo cha mkono halisikiki. Hapo moyo hungoja muda mrefu kidogo kuliko kawaida, unajaa zaidi, na pigo linalofuata hutoka na nguvu zote. Anayechota maji kwa pampu ya mkono ya kisima cha kijiji analijua hili: sukuma mpini kabla maji hayajapanda, utapata matone; ngoja kidogo, mkupuo mmoja unajaza nusu ndoo.

Kwa hiyo lile ndi! linalokutoa usingizini ni pigo la kawaida lililobeba damu nyingi. Na ule ukimya uliokufanya useme "umesimama" ulikuwa ni moyo unajaa. Umelalia kushoto, moyo umesogea karibu na ukuta wa kifua, mtaa umelala, hakuna bodaboda wala muziki wa baa, ndiyo maana unausikia usiku kuliko mchana. Mchana pia ulikuwa ukiruka. Wewe ulikuwa na shughuli.

Hesabu nyepesi: moyo unaopiga mara 70 kwa dakika unapiga mara 100,800 kwa siku moja. Yakitokea mapigo ya ziada 100 katika siku hiyo, na kwako 100 ni balaa, yatakuwa kama moja katika kila elfu. Ni mfanyakazi gani unayemjua anayekosea mara moja katika elfu, usiku na mchana, bila likizo tangu hajazaliwa, halafu akalaumiwa?

Wala si wewe peke yako. Mmarekani Norman Holter wa jimbo la Montana ndiye aliyewaza kwamba moyo upimwe mtu akiwa kwenye shughuli zake badala ya kulazwa kitandani dakika chache. Kifaa chake cha kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1940, kilibebwa mgongoni na kilikuwa na uzito wa karibu kilo 38. Siku hizi unavaa kidude kinachoenea mfukoni. Watu wazima wenye afya zao walipovishwa vipimo hivyo kwa saa 24 au 48, ilionekana kwamba mapigo ya ziada wanayo watu wengi sana, na wengi wao hawana habari. Dereva wa daladala uliyopanda leo huenda anayo. Huenda na daktari aliyekupima anayo.

Sasa nikupeleke kwa mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hii, James Mackenzie. Alikuwa daktari wa kawaida, Mskoti aliyehamia mwaka 1879 katika mji wa Burnley kaskazini mwa Uingereza, mji wa viwanda vya pamba, wagonjwa wake wakiwa wafanyakazi wa mashine na wake zao. Mapema katika kazi yake mama mmoja mjamzito mwenye ugonjwa wa moyo alimfia akijifungua, naye Mackenzie akabaki anajiuliza kwa nini hakuweza kujua mapema ni moyo upi utamfikisha mama salama na upi hautamfikisha. Vitabu havikumjibu. Akafanya jambo linalochosha kuliko yote katika udaktari: akaandika na kusubiri. Akishirikiana na fundi saa alitengeneza chombo cha kuchora mapigo ya mshipa kwenye karatasi, akawachora wagonjwa wake, halafu akaendelea kukutana nao mtaani, mwaka baada ya mwaka. Swali lake lilikuwa moja: mwenye mapigo ya namna hii anaishia wapi?

Na wale ambao moyo wao haukuwa na ubaya mwingine wowote ila kuruka pigo hapa na pale, waliishia wapi? Waliishia kiwandani, waliishia kulea, waliishia uzeeni. Aliyaweka hayo kwenye kitabu chake kikubwa cha mwaka 1902 kuhusu mapigo ya mshipa. Zama zile daktari akigusa mkono akakuta pigo linaruka, mgonjwa aliachishwa kazi na kulazwa kitandani kama mtu aliyekwisha hukumiwa. Mackenzie alilipinga jambo hilo kwa nguvu, maana alishaona kwa macho yake watu wazima wakigeuzwa walemavu kwa neno la daktari. Nakuomba ulitafakari hilo. Wao waligeuzwa walemavu na daktari. Wewe daktari amekuachia huru, unajigeuza mwenyewe.

Halafu vikaja vita. Tayari mwaka 1871 Mmarekani Jacob Da Costa alikuwa ameandika kuhusu askari zaidi ya 300 aliowaona Philadelphia wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe: vijana, moyo unawadunda, pumzi zinakata, kifua kinawauma, na akiwapima wengi hakuti ugonjwa wa moyo. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, jeshi la Uingereza likajikuta na makumi ya maelfu ya askari wa namna hiyo. Wanalazwa miezi, wanapewa dawa za moyo, wanazidi kudhoofika, wanarudishwa makwao na cheti cha ugonjwa wa moyo ambao hawana. Mwaka 1916 wakakusanywa baadhi yao katika hospitali ya Hampstead, London, na miongoni mwa waliowashughulikia alikuwemo Mackenzie huyohuyo pamoja na kijana wa Kiwelisi, Thomas Lewis.

Lewis aliwatoa kitandani. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake kubwa. Alipanga mazoezi ya kwata kwa ngazi, askari aanze na ngazi nyepesi, akiimudu apande ya pili, akiimudu apande ya tatu, kila siku, mbele ya macho ya madaktari. Mtu aliyekuja akiwa ameshika kifua alisimamishwa kwenye mstari akanyoosha mikono, akachuchumaa, akatembea, moyo ukaenda mbio, na hakufa. Kesho yake tena. Mazoezi hayohayo yalionyesha pia ni nani kweli hawezi, huyo akatafutiwa kazi nyepesi. Wengi walirudi kwenye majukumu yao. Mwaka 1918 Lewis alichapisha kitabu kuhusu jambo hilo, na hoja yake kuu bado ina ukali wake: moyo mzima unaoogopeshwa hauponi kwa kulazwa.

Labda unasema, basi nipewe dawa ya kuyafuta mapigo haya, nitulie. Sikiliza kilichotokea Marekani. Madaktari waliona kwamba watu waliowahi kupata shambulio la moyo, wakiwa na mapigo ya ziada, hufariki zaidi. Wakawaza, tukiyafuta mapigo tutawaokoa. Dawa za kuyafuta zilikuwepo, na zilifuta kweli. Utafiti uliojulikana kwa kifupi kama CAST ukazilinganisha na vidonge bandia. Mwaka 1989 ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa dawa mbili kati ya zile, kwa kuwa waliokuwa wakizimeza walikuwa wakifariki kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya waliomeza vidonge bandia. Karatasi zao za ECG zilionyesha mapigo ya ziada yamefutika. Hao walikuwa wagonjwa wa moyo hasa, nawe si mmoja wao, lakini daktari anapokwambia "hili halihitaji dawa", elewa kwamba hakudharau. Kauli hiyo ilinunuliwa kwa gharama kubwa. Zipo dawa za kupunguza kero, kama zile za kutuliza mapigo, na wapo wanaozihitaji. Huo ni mjadala wako na daktari wako, si wa duka la dawa la mtaani.

Sasa wewe ambaye hujapimwa na umesoma hadi hapa ukitabasamu. Makala haya bado si yako. Nenda kwanza. Huku kwetu kuna sababu za ziada za kwenda: wako vijana wengi wenye milango ya moyo iliyoharibiwa na homa iliyofuata maumivu ya koo utotoni ambayo hayakutibiwa, wako kina mama ambao moyo unakwenda mbio kwa sababu damu imepungua, wako wenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Vyote hivyo vina matibabu. Usikubali kuambiwa ni jini kabla hujapimwa damu. Na usingoje hata siku moja kama moyo kwenda mbio unaambatana na kuzimia, hasa ukiwa mazoezini, au maumivu ya kifua yanayobana, au kukosa pumzi; kama miguu inavimba; kama mapigo yanakimbia ovyo bila mpangilio na hayatulii; kama kwenye ukoo kuna mtu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Ukweli huo unamhusu pia aliyekwisha pimwa: dalili mpya kati ya hizo inakurudisha hospitali. Na mapigo ya ziada yakiwa mengi mno, maelfu kwa maelfu kila siku kwa muda mrefu, yanaweza kuchosha msuli wa moyo, ndiyo maana daktari huyahesabu. Vituo vya kupimia vipo zaidi kuliko zamani. Dar es Salaam tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete tangu mwaka 2015, na ECG sasa utaikuta hata katika hospitali nyingi za wilaya.

Turudi kwako uliyepimwa. Saa nane usiku, limeruka. Unafanya nini?

Kwanza jua kinachoendelea mwilini. Umeogopa, na mwili hauna namna ya kujua kwamba unachokiogopa ni wenyewe. Unamwaga adrenalini, na kazi ya adrenalini ni kuuharakisha moyo na kuupa nguvu, na hata kuamsha mapigo ya ziada mengine. Kwa hiyo pigo moja linazaa hofu, hofu inazaa mbio, mbio zinazaa mapigo matatu mengine, nawe unasema "nilijua tu". Mechi ya Simba na Yanga, dakika ya 90, penalti: nusu ya uwanja mioyo inakwenda kwa kasi kuliko yako usiku ule, na hakuna anayepiga simu kutafuta gari la wagonjwa. Moyo wao unafanya kilekile. Wao wanajua ni mpira.

Mkono utoke shingoni. Hilo ndilo gumu kuliko yote, na ndilo la kwanza. Usihesabu, usivae mashine ya presha, usiwashe simu kutafuta dalili; simu itakupa vifo, ndiyo biashara yake, na kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo hakukosekani ujumbe wa mtu "aliyejisikia moyo unamwenda mbio na hakufika asubuhi". Geuka ulalie ubavu wa kulia. Vuta pumzi taratibu kwa pua, itoe taratibu zaidi, utoaji uwe mrefu kuliko uvutaji, upate pumzi kama sita kwa dakika. Ukitoa pumzi, moyo hupunguza mwendo; ndivyo ulivyoumbwa, neva inayotoka kwenye ubongo hadi kifuani ndiyo inayoushika breki. Kama kuhesabu kunakutia wasiwasi, sali. Sikwambii hivyo kukuliwaza. Mwaka 2001 Mwitaliano Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la British Medical Journal vipimo vya watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini, na sala yenyewe ilizishusha pumzi zao hadi karibu sita kwa dakika bila mtu kuhesabu chochote. Anayesoma nyiradi kwa utulivu baada ya sala ya usiku atalitambua jambo hilo mwilini mwake kabla ya kulisoma kwenye jarida.

Likiruka tena katikati ya pumzi ya nne, liache. Endelea na ya tano.

Kuhusu vichochezi nitakwenda haraka, kwa sababu watu hupenda kukaa hapa wakitafuta mchawi. Vinywaji vya kuongeza nguvu, acha. Mirungi, au miraa kama wasemavyo Kenya, acha. Inaukimbiza moyo, na Tanzania utakimbizwa pia na polisi. Sigara, pombe nyingi, kukesha, kutokunywa maji kwenye joto, baadhi ya dawa za mafua za kufungua pua: vyote vinajulikana. Kahawa ina habari ya kuchekesha kidogo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 uliwafuatilia watu 100 kwa siku 14, siku nyingine wakinywa kahawa, nyingine wakiacha. Mapigo ya ziada ya vyumba vya juu vya moyo hayakuongezeka kwa kiasi cha maana, ya vyumba vya chini yaliongezeka kwa karibu nusu. Siku za kahawa walitembea hatua karibu 1,000 zaidi, na walilala pungufu ya zaidi ya nusu saa. Kwa hiyo jaribu mwenyewe wiki mbili bila kahawa. Ukiona hakuna tofauti, rudi kwenye kijiwe chako, kikombe na kashata yako, ila isiwe baada ya Isha.

Kisha toka nje. Hapa sina upole. Askari wa Hampstead walikuwa na Lewis wa kuwasimamisha kwenye mstari. Wewe unaye nani? Kesho asubuhi kabla jua halijawa kali tembea dakika kumi, kwa mwendo wa mtu anayewahi gari. Fanya hivyo wiki nzima, wiki ya pili ziwe kumi na tano, baadaye tafuta mlima. Mwenge pale pana kilima, Mwanza kote ni mawe, Lushoto sina haja ya kukwambia. Moyo utadunda, nao unatakiwa kudunda. Mara nyingi utaona kwamba ukishika kasi mapigo ya ziada yanapotea, halafu unapokaa kupumzika yanarudi mawili matatu. Hilo ni la kawaida, usiende kuketi kwenye ukuta wa mtu ukishika kifua. Kinachokusimamisha ni kizunguzungu cha kutaka kuanguka au kifua kubana. Pigo kuruka halikusimamishi. Panda basi. Kaa safu ya mbele. Chukua ngazi.

Siku mbili za kwanza utakuwa na hofu, na utatembea na hofu hiyohiyo. Usingoje iishe ndipo uanze, kwa sababu haitaisha ukiwa umekaa. Moyo wako unahitaji ushahidi kidogo tu, na ushahidi huo unapatikana barabarani: uliruka mbele ya duka la Mpemba, ukaendelea kutembea, ukafika kona, ukarudi, ukanywa chai.

Na nyinyi mnaoishi naye, mke, mume, shemeji, mama mkwe mwenye huruma: pole zenu zinamlaza. Kila anaposhika kifua mnakimbia na glasi ya maji, mnazima redio, mnamkalia kitandani mkimtazama usoni kama mnaaga. Hospitali imesema mzima. Akisema limeruka, mwambieni, "Pole, pigo la ziada hilo," kisha mwulizeni kama yale mahindi ameshayapeleka mashineni, maana watoto wanataka ugali.